Baba anakula lakini uzito unazidi kushuka wakati wa tiba ya saratani: tatizo ni chakula au ni mwili wenyewe?

Kifunguamimba

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa tiba na lishe, na pia kwa wale waliowahi kumuuguza mgonjwa wa saratani. Baba yangu ana umri wa miaka 63 na anatibiwa saratani ya mapafu kwa dawa za kemikali zinazotolewa kwa mizunguko. Kabla ya ugonjwa kugunduliwa alikuwa na kilo 74. Miezi mitano baadaye mizani inaonyesha kilo 66. Kinachonitatiza ni kwamba hakai na njaa. Wiki ya kwanza baada ya kila mzunguko hula kidogo kwa sababu ya kichefuchefu, lakini baada ya hapo hurejea mezani na kumaliza sahani yake, ingawa si kwa hamu ile ya zamani. Pamoja na hayo mapaja na mabega yamenywea, suruali zinampwaya, na kupanda ngazi kunamchosha kuliko kulivyomchosha kabla ya tiba kuanza.

Katika familia tumegawanyika. Wengine wanasema dawa ndizo zinazomkondesha na kwamba akimaliza mizunguko atanenepa mwenyewe. Shangazi anashikilia kwamba sukari ndiyo chakula cha saratani, na ameagiza Baba aondolewe kila kitu chenye sukari na wanga. Mimi naona kwamba tangu agizo hilo lianze kutekelezwa anakula kidogo zaidi. Mdogo wangu anataka apewe lishe ya dripu. Tulipomuuliza daktari alitujibu kwamba ugonjwa hubadilisha umetaboli wa mwili, lakini foleni ilikuwa ndefu na hatukupata nafasi ya kuuliza maana yake. Naomba mnieleze ni nini hasa kinachobadilika, na kama kuna jambo tunaloweza kulifanya nyumbani ambalo halitamdhuru.

Lishe_na_Tiba

Ndugu Kifunguamimba, pole kwa kuuguza. Mimi ni mtaalamu wa lishe na nimefanya kazi na wagonjwa wa saratani kwa muda mrefu. Nitaanza na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo itakayowafanya wahudumu wakusikilize hata foleni ikiwa ndefu. Kushuka kutoka kilo 74 hadi 66 ni kupoteza karibu asilimia 11 ya uzito. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana kwamba mgonjwa wa saratani aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia, au zaidi ya asilimia 2 ikiwa tayari ni mwembamba au misuli yake imepungua, ahesabiwe kuwa na kakeksia. Baba yako ameshauvuka mpaka huo mara mbili. Kakeksia ni hali ambayo misuli huendelea kuyeyuka, mafuta yakipungua pamoja nayo au yasipungue, na ambayo chakula peke yake hakiwezi kuirudisha nyuma kikamilifu. Kwa hiyo mnachokiona mezani na mnachokiona kwenye mizani havigongani.

Umetaboli ni jinsi mwili unavyotumia chakula na akiba yake. Mtu mwenye afya akikosa chakula kwa siku nyingi, mwili wake hubana matumizi. Kasi ya kuchoma nishati hushuka, ini hutengeneza ketoni kutokana na mafuta, ubongo huzoea kutumia ketoni hizo, na misuli hulindwa kadiri inavyowezekana. Katika saratani utaratibu huo huvurugika. Uvimbe, pamoja na seli za kinga zinazouzunguka, hutoa protini za kupashana habari ziitwazo saitokini, zikiwemo TNF-alfa, interlukini-1 na interlukini-6, nazo huuweka mwili katika inflamesheni ya kudumu, yaani kinga hukaa tayari kwa vita wakati wote hata pasipokuwa na kijidudu cha kupigana nacho. Saitokini hizo zikifika kwenye ubongo hudhoofisha hamu ya kula; zikifika kwenye misuli huamsha mitambo inayovunja protini na kupunguza kasi ya kujenga protini mpya; zikifika kwenye akiba ya mafuta huharakisha uyeyushaji wake. Ini nalo hupunguza kutengeneza albumini, protini kuu ya majimaji ya damu, na kugeukia protini za dharura kama CRP, na sehemu ya malighafi ya protini hizo za dharura ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, zilizotolewa kwenye misuli. Ndiyo maana mgonjwa aliyeshiba jana anaweza kuamka leo akiwa na misuli pungufu.

Kuna na suala la insulini. Wagonjwa wengi wa saratani hupata ukinzani wa insulini hata kama hawakuwahi kuwa na kisukari, kwa hiyo misuli haiitikii vizuri ishara ya kupokea glukosi, yaani sukari ya damu, na kujijenga baada ya mlo. Juu ya hayo, seli nyingi za saratani huvunja glukosi kwa njia ya mkato, hata oksijeni ikiwepo ya kutosha, na kutoa lakteti. Lakteti hiyo husafiri hadi kwenye ini na kugeuzwa tena kuwa glukosi. Seli ya saratani hupata molekuli 2 za ATP, ambayo ndiyo nishati ya matumizi ya seli, kwa kila glukosi iliyoivunja kwa njia hiyo, ilhali ini hutumia 6 kuiunda upya. Ni biashara ya hasara, na hasara hulipwa kutoka kwenye akiba ya mgonjwa. Mzunguko huo wa lakteti na glukosi ulifafanuliwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, wao wakiuchunguza katika misuli na ini la kawaida.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba kila mgonjwa anachoma nishati kupita kiasi. Katika saratani za mapafu na kongosho matumizi ya nishati wakati wa kupumzika mara nyingi huwa juu, lakini mgonjwa huyo huyo hutembea kidogo na kulala sana, hivyo jumla ya matumizi yake ya siku huenda isizidi ya mtu mwenye afya. Miongozo ya lishe kwa wagonjwa wa saratani kwa sababu hiyo hupendekeza kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana hadi gramu 1.5. Kwa kilo 66 hiyo ni takribani kilokalori 1,650 hadi 1,980 na protini gramu 66 hadi 99. Protini inawekwa juu kiasi hicho kwa sababu misuli ya mgonjwa imekuwa mizito kuitikia. Kiasi kilichotosha zamani hakiiamshi tena. Ikiwa figo zake zina tatizo, kiwango cha protini kipangwe na daktari kwanza.

Kuhusu dai kwamba dawa ndizo zinazomkondesha, sehemu yake ni kweli. Dawa nyingi za kemikali huleta kichefuchefu, vidonda vya kinywani, kuhara na mabadiliko ya ladha, na baadhi, kama sisplatini, huongeza kiwango cha protini iitwayo GDF15 ambayo hupeleka ishara kwenye shina la ubongo na kuleta kichefuchefu na kukataa chakula. Lakini mlisema uzito ulipimwa kabla ya ugonjwa kugunduliwa, na katika saratani ya mapafu uzito mara nyingi huanza kushuka kabla ya dozi ya kwanza. Tiba ikifaulu kuupunguza uvimbe, inflamesheni nayo hupungua na uzito huweza kutulia. Kuiogopa dawa kwa sababu ya kukonda kunaweza kumwondolea mgonjwa kitu pekee kinachokabili chanzo. Vilevile msisubiri mizunguko iishe ndipo mshughulikie uzito, kwa sababu misuli iliyopotea ni vigumu sana kuijenga upya wakati inflamesheni ingali inaendelea.

Mpenda_Hoja

Nashukuru kwa maelezo, lakini naona Shangazi amehukumiwa haraka. Mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg alionyesha tangu miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hutumia glukosi kwa wingi usio wa kawaida, na mtaalamu mwenyewe hapo juu amekiri jambo hilo. Ikiwa uvimbe unategemea glukosi, mantiki inasema kwamba kuipunguza glukosi mwilini ni kuudhoofisha uvimbe. Nimesoma pia kuhusu watu wanaofunga kula siku chache kabla ya kila mzunguko wa dawa, au wanaokula mafuta tu bila wanga, na wanadai wamefaidika. Sisemi mgonjwa anyimwe chakula; nauliza kwa nini jambo lenye msingi wa kisayansi linapuuzwa.

Lishe_na_Tiba

Ndugu Mpenda_Hoja, swali lako ni halali na linastahili jibu kamili, kwa sababu Warburg hakukosea katika alichokiona. Uchunguzi wake ndio msingi wa kipimo cha PET, ambacho mgonjwa huchomwa glukosi iliyowekewa alama ya mnururisho na mashine huonyesha mahali inapokusanyika kwa wingi. Kinachokosekana katika hoja ni hatua ya pili. Kiwango cha glukosi kwenye damu hakitegemei tu kilichoingia mdomoni. Usipokula wanga, ini hutengeneza glukosi kutokana na asidi amino, gliseroli na lakteti, na katika mgonjwa mwenye kakeksia utengenezaji huo tayari unakwenda kasi. Asidi amino hizo hutoka wapi? Hutoka kwenye misuli ile ile tunayojaribu kuiokoa. Uvimbe utaendelea kupata glukosi yake, nao una uwezo wa kutumia pia glutamini na mafuta. Atakayekosa ni mgonjwa.

Kuna tafiti zinazoendelea kuhusu kufunga kwa muda mfupi na kuhusu mlo wa ketoni, yaani wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, na sina ugomvi na utafiti unaofanywa chini ya uangalizi, kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa sababu uzito wao unaruhusu. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza asilimia 11, miongozo inapinga mlo wowote unaopunguza nishati, na mimi naipinga pamoja nayo. Sukari ya ziada haina faida ya pekee, na ikiwa Baba ana kisukari au anatumia dawa za steroidi, sukari yake ya damu ifuatiliwe. Lakini kumwondolea wanga mtu ambaye wanga ndio unaompitia kooni kwa urahisi ni kumwondolea mlo. Ningemwomba Shangazi, kwa heshima zote, abadilishe agizo lake liwe la kuongeza, yaani kila mlo uwe na kitu cha protini na kijiko cha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina karibu kilokalori 120 na hakijazi tumbo. Yai moja lina protini kama gramu 6, na kikombe cha maziwa kama gramu 8. Bidii ya Shangazi ikielekezwa huko, Baba atanufaika nayo.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu Kifunguamimba, pole sana, na umpe Baba pole zangu. Wataalamu wamekufafanulia mambo ya ndani ya mwili. Mimi nilikuwa wodini miaka mingi na nitasema ya wodini. Kabla hamjakubali kwamba kila kilo imeliwa na umetaboli, tafuteni kwanza vizuizi vinavyotibika, kwa maana mara nyingi nimeona vitu vidogo vinne vitano vimejipanga nyuma ya ugonjwa mkubwa na hakuna aliyeviuliza.

Mfunguze kinywa mchana, penye mwanga. Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu unaweza kuwa fangasi, ambao hutibika kwa dawa za kawaida, na mgonjwa mwenye fangasi kooni huacha chakula bila kujua anakikimbia nini. Angalia vidonda, ukavu wa mate, jino bovu, na meno ya bandia yaliyolegea kwa sababu fizi nazo zimepungua. Muulize kuhusu choo bila kuona haya. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, hufunga choo, na aliyekaa siku nyingi bila kwenda haja kubwa hushiba kwa vijiko vitatu. Kwa upande mwingine, choo cheupe chenye mafuta kinachoelea huashiria kwamba mafuta hayasagwi. Hilo huonekana zaidi kwa wagonjwa wa kongosho, ambao hupewa vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula. Kwa wagonjwa wa mapafu ninaongeza pumzi. Kutafuna huku unahema ni kazi, na wapo wanaoacha chakula nusu kwa kuishiwa pumzi, familia ikadhani wameshiba. Maumivu yasiyotulizwa, usingizi mbovu na huzuni nzito navyo hukata hamu, na vyote vina tiba.

Dawa ya kichefuchefu itolewe kwa ratiba katika zile siku za mwanzo wa mzunguko, kabla kichefuchefu hakijafika, kama ilivyoandikwa na daktari. Familia nyingi huitunza hadi mgonjwa atapike, na kwa saa hiyo kidonge hakikai tumboni. Chakula kilichopoa hakinuki sana, kwa hiyo humfaa anayechukizwa na harufu ya jikoni. Mpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Mlo mkubwa uwe wa saa ambayo yeye mwenyewe ana nguvu, na kwa wengi hiyo ni asubuhi. Vinywaji vije katikati ya milo ili visichukue nafasi tumboni, na katika vinywaji hivyo vyenye maziwa vina thamani kuliko maji ya rangi. Ladha ikiwa ya chuma, vijiko visivyo vya chuma na kitu chenye uchachu kidogo husaidia, mradi kinywa hakina vidonda. Kinga inapokuwa chini, nyama, mayai na maziwa viive au vichemke sawasawa.

Jambo la mwisho ni mwendo. Misuli hailishwi kwa kijiko peke yake. Asimame na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, atembee ndani ya nyumba, anyanyue vitu vyepesi, mara mbili tatu kwa siku, akiwa na mtu karibu na kwa idhini ya daktari wake, hasa kama ugonjwa umegusa mifupa. Kumlaza kutwa kwa kumhurumia kunaharakisha kile kile mnachokiogopa.

Kifunguamimba

Shikamoo Mama, na asanteni nyote. Shangazi amesoma majibu na amekubali kuondoa katazo la wanga, ingawa sukari ya chai bado ana neno nayo. Tulimwangalia Baba kinywa na kweli kuna utando mweupe. Tutaupeleka kwa daktari kliniki ijayo. Nina habari nyingine ambayo nilitaka kuileta kama habari njema. Tangu mzunguko uliopita amekuwa akipewa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, siku kadhaa, hamu imerudi, na mizani imeonyesha kilo 68. Lakini nimesoma maneno ya Mama kuhusu misuli nikamtazama tena: mapaja hayajarudi, na vifundo vya miguu vimejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Je, kilo hizo mbili ni nyama au ni kitu kingine? Na lile suala la dripu la mdogo wangu nalo halijapata jibu.

Nesi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umeangalia vizuri. Kilo mbili zilizokuja kwa siku chache, na kidole kikaacha shimo, hizo kwa sehemu kubwa ni maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mizani haijui kutofautisha maji na misuli. Wapo wagonjwa wenye maji tumboni ambao uzito wao hausogei kwa miezi huku mikono ikibaki mifupa, na wapo wanene ambao mafuta yanaficha misuli iliyokwisha. Ndiyo maana nashauri mumpime kwa mizani ile ile mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na pembeni muandike mambo mawili: miguu imevimba au haijavimba, na je, anaweza kuinuka kitini bila kujishika. Hilo la pili litawaambia mengi kuliko kilo.

Kuhusu uvimbe wa miguu, msingoje kliniki ijayo bila kuuliza. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, sababu huweza kuwa dawa ya steroidi, albumini kushuka, moyo au figo, na daktari atachunguza. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukiuma, ukiwa wa moto au umebadilika rangi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu saratani huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa na bonge hilo huweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Hivyo hivyo uso au shingo ikivimba, au pumzi ikibana ghafla. Na fangasi wa kinywani nao hauna sababu ya kungojea kliniki. Pigeni simu waulizwe.

Mfamasia_wa_Zamu

Naomba niingie kwenye suala la dawa, kwa sababu naona swali linalofuata litakuwa kama kuna dawa ya kumnenepesha Baba. Deksamethasoni na wenzake huamsha hamu ya kula kweli, lakini kwa muda wa wiki chache, na zikitumiwa kwa muda mrefu zenyewe hudhoofisha misuli ya mapaja na mabega, hupandisha sukari na kuongeza hatari ya maambukizi. Hazifai kuongezwa nyumbani kwa sababu tu mgonjwa amekula vizuri akiwa nazo, wala hazifai kukatishwa ghafla baada ya kutumiwa kwa muda mrefu. Megestroli nayo huongeza hamu na uzito, lakini uzito huo kwa kawaida huwa mafuta na maji zaidi kuliko misuli, na huongeza hatari ile ile ya damu kuganda aliyoitaja Mama. Kwa mgonjwa ambaye miguu yake tayari imejaa, mimi ningesita sana.

Olanzapini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili ambayo pia huzuia kichefuchefu, imepata nafasi mpya. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa wagonjwa walioanza tiba ya kemikali kwa saratani za mapafu, tumbo, ini, nyongo na kongosho dozi ndogo ya miligramu 2.5 kwa siku kwa wiki 12, na asilimia 60 ya waliopewa dawa waliongeza uzito kwa zaidi ya asilimia 5, ikilinganishwa na asilimia 9 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Huleta usingizi, kwa hiyo hunywewa usiku, na ni ya kuandikiwa na daktari. Ni swali zuri la kumuuliza. Japani iliidhinisha anamorelini mwaka 2021, ambayo huiga homoni ya njaa iitwayo grelini. Katika majaribio iliongeza uzito na misuli lakini haikuongeza nguvu ya mkono wa kushika, na kwangu hilo ni pungufu kubwa, maana mgonjwa anataka kufungua mlango na kubeba ndoo, hataki tarakimu. Kingamwili inayofunga ile GDF15 iliyotajwa juu, ponsegromabu, ilionyesha matokeo ya kutia moyo katika jaribio lililochapishwa mwaka 2024, ambapo waliopewa dozi ya juu walizidi wenzao wasiopewa dawa hiyo kwa karibu kilo 2.8 baada ya wiki 12, lakini hiyo bado ni dawa ya majaribio.

Jambo ambalo familia hazilijui ni kwamba uzito huingia moja kwa moja kwenye hesabu ya dozi. Dawa nyingi za kemikali hupimwa kwa eneo la ngozi ya mwili, ambalo hukokotolewa kutokana na urefu na uzito. Uzito ukibadilika kwa kiasi cha asilimia 10, dozi huhitaji kukokotolewa upya, na aliyepoteza misuli mingi huweza kupata sumu zaidi ya dawa ile ile hata kama hesabu ni sahihi. Kwa hiyo hakikisheni kwamba uzito unaoandikwa kwenye faili ni wa siku hiyo, na kama ni kilo 68 zenye maji, semeni hivyo. Ikiwa anatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu alizoandikiwa akiwa na kilo 74, nazo zipitiwe. Dawa za mitishamba na vidonge vya vitamini vya dozi kubwa mvipeleke vyote mezani kwa mfamasia kabla ya kumpa, kwa sababu baadhi hubadilisha kasi ambayo ini huondoa dawa ya saratani.

Lishe_na_Tiba

Nalijibu la dripu, maana limeachwa. Dripu ya kawaida ya maji yenye glukosi si lishe: lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi, yaani kilokalori 200 hivi, na haina protini hata kidogo. Kwa Baba ambaye miguu imevimba, lita za maji zitaongeza uvimbe. Lishe kamili ya mshipani ipo, lakini huhitaji mrija wa mshipa mkubwa, vipimo vya damu vya mara kwa mara na uangalizi wa hospitali, na ina hatari ya maambukizi na ya kudhuru ini. Hutengwa kwa mgonjwa ambaye utumbo wake haufanyi kazi, kwa mfano umeziba. Utumbo ukifanya kazi lakini mdomo au koo vimeshindwa, hutumika mrija wa kupitisha chakula puani au tumboni. Baba anameza na anasaga, kwa hiyo njia yake ni mdomo, na kama chakula cha kawaida hakifikii kile kiwango cha kilokalori, aongezewe vinywaji vya lishe vilivyotengenezwa kwa wagonjwa, katikati ya milo na si badala yake.

Nina tahadhari moja ambayo hutolewa mara chache. Ikitokea amekaa siku tano au zaidi karibu bila kula, msimfidie kwa kumlisha sana kwa siku moja. Mwili uliozoea ukosefu ukipata wanga mwingi ghafla, insulini hupanda na kuyaingiza madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi ndani ya seli, kiwango chake kwenye damu hushuka, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Katika hali hiyo ulishaji huanza kidogo, hospitalini, pamoja na vitamini B1 na vipimo vya damu.

Kliniki ijayo ombeni mambo haya yaandikwe kwenye faili: asilimia ya uzito uliopotea, CRP na albumini zikisomwa pamoja, sukari ya damu, na rufaa ya mtaalamu wa lishe na ya fiziotherapia. Albumini ikiwa chini wakati CRP iko juu, msiichukue kuwa kipimo cha mapishi yenu, kwa sababu hapo inapimwa inflamesheni zaidi ya chakula. Muulizeni pia daktari wazi tiba inalenga nini na ugonjwa umefika hatua ipi, kwa kuwa wakati ambapo saratani haiitikii tena dawa na mgonjwa amebakiza muda mfupi, kulazimisha kilokalori humletea kichefuchefu na ugomvi bila kumwongezea nguvu, na mpango wa lishe hubadilika kuwa wa kumstarehesha. Kwa mtu anayemaliza sahani na kutembea nyumbani, kama ulivyomweleza Baba, naona bado ipo nafasi nzuri ya kushikilia misuli aliyonayo. Ukipata majibu ya CRP na sukari yalete hapa, tuyasome pamoja.